Lumbesa

Ofisi yetu iko Kirumba, ghorofa ya pili,
juu ya duka la nyavu na maboya.
Ukifungua dirisha harufu ya dagaa
inaingia kama mfanyakazi wa tano,
haibishi hodi, na inakaa.

Tunaandika programu ya mizani.
Gunia linapimwa pale Mwaloni,
namba inaruka kwenye simu ya mwenye mali
awe Buhongwa, awe Ukara.

Jumatatu Kwandu alifika mapema.
Aliweka faili dogo kwenye shina la mradi,
lile lenye nukta mbele ya jina,
usiloliona mpaka ulitafute,
na humo, kati ya amri chache:
upeo wa mstari, herufi themanini.
Hakutangaza. Alimimina chai.

Saa nne kihariri changu kikanionyesha
ukingo wa kijivu, mwembamba, wima,
na mistari yangu yote imeuvuka.
Mmoja una herufi mia arobaini na tatu.
Nilikuwa naupenda ule.
Sharti ndani ya sharti ndani ya sharti
na kule mbali, kulia kabisa,
jibu.

Nikamkumbuka mwalimu wa Sengerema
akihesabu mizani kwa vidole,
kumi na sita, na ya kumi na saba
anagonga meza kwa kalamu.
Mizani. Neno lile lile linanifuata.

Bwire alicheka, kisha akakasirika.
"Themanini ni za mashine za kale!
Skrini yangu pana kama ghuba,
kwa nini nitembee ukingoni
kama mtu anayeogopa maji?"
Akaandika mia mbili.
Kwandu akarudisha themanini.
Bwire, mia mbili.
Historia ya mradi ya siku ile
ina mabadiliko kumi na moja,
yote ya namba moja,
na hitilafu ya mizani haikuguswa.

Mchana nilishuka kutafuta chapati.
Mbebaji alipita na gunia la dagaa
ambalo mdomo wake haukufunga,
wamelishonea kilemba cha neti juu.
Lumbesa. Gunia moja kwenye karatasi,
moja na nusu shingoni.
Nilisogea apite. Hakuniona,
alikuwa anatazama miguu yake.

Niliporudi nikasimama nyuma ya Nyabise.
Sijui kwa nini sikuwahi kusimama pale.
Theluthi ya skrini yake, upande wa kulia,
ni weusi, kama wino umemwagika.
Anausukuma mstari kwa kidole, anasoma,
anaurudisha, amesahau mwanzo,
anausukuma tena.

"Tangu lini?"
"Ilianguka kwenye kivuko cha Kamanga.
Mwezi wa tatu."
"Na hukusema?"
"Skrini ni laki tatu na nusu,"
akasema, macho hakuinua.
Nikamgeukia Kwandu.
Kwandu alikuwa anatazama chai yake.

Tulihesabu. Weusi unaanza herufi ya tisini na mbili.
Bwire ndiye aliyeandika tisini.
Hakuomba radhi. Alivuta kiti
akajaribu kama waya wa skrini yake pana
unaingia kwenye mashine ya Nyabise.
Hauingii.

Jioni niliukata mstari wangu, ukawa minne.
Kwenye wa tatu nikakuta
gunia lisilo na jina la mwenyewe
linahesabiwa mara mbili.
Limekuwa likihesabiwa hivyo tangu Januari.

Umebaki mmoja tu uliotushinda,
ujumbe anaopelekewa mwenye mali.
Ukiukata hapa, na kwake unafika vipande,
nusu leo, nusu mtandao ukirudi.
Juu yake nimeandika: usiguse.
Na upo, umevuka ukingo, na kilemba chake:

Ndugu mteja, gunia lako limepimwa Mwaloni leo saa tisa, kilo hamsini na nne, halikuzidi wala halikupungua, njoo na kitambulisho, asante.

Nyabise haoni mwisho wake.
Ila ndiye aliyeutunga.